Tumekitoa giza chumba cha kulia na dirisha hatukutoboa

Kwetu ukikaa kula samaki saa saba mchana ilikuwa lazima uwashe taa, la sivyo mwiba utaukuta kooni. Jua la Lamu liko nje linachoma watu utosi, punda wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na ndani kwenye chumba cha kulia utadhani adhana ya magharibi ishapita. Wageni wakija wanasema mashaallah nyumba yenu ina baridi nzuri, alafu wanapapasa kutafuta kiti. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia tunasema mwaka huu tutakitengeneza, na kila mwaka pesa inaenda kwengine, karo, matibabu, harusi ya huyu na yule, ikawa ni wimbo tu. Safari hii nkasema basi, tunafanya wenyewe kwa mikono yetu, mimi na baba watoto na hawa vijana wawili tulionao nyumbani, na kwa pesa iliyopo, si ile tunayoisubiri.

Tangu niweke picha kwenye status watu wananiuliza tulitumia rangi gani, bulb gani, fundi nani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voice note kwa hivyo naandika yote hapa, anayetaka asome.

Kwanza ujue kwa nini nyumba zetu za mawe zina giza, manake ukijua hapo hata pesa utaitumia pahala pake. Chumba cha Lamu ni kirefu na chembamba, upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ukitoa vile vichwa vinavyoingia ukutani inakubakishia mita mbili na nusu hivi, tatu ukibahatika. Vyumba vinapangana nyuma kwa nyuma kutoka kiwanda, kile kiwanja cha ndani kisicho na paa, na mwanga wote wa nyumba unaingilia hapo. Upande wa njia hakuna madirisha ya maana, wazee walijenga kwa sitara, mtu apite nje asijue ndani kuna nani. Na hata ungekuwa na dirisha, ujue vijia vyetu vyenyewe ni vya kupishana na punda kwa mbavu, na kwengine kuna wikio, kile chumba kilichovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, imepita juu, sasa huo mwanga utautoa wapi? Kwa hivyo chumba cha kwanza baada ya kiwanda kina mwanga, cha pili kina nusu, cha tatu unahesabu kwa vidole. Chetu cha kulia ni cha pili. Kikaaje kiwe na giza kama cha nne?? Hilo ndio swali nililojiuliza, na jawabu lake ndio lilituokolea pesa.

Baba watoto yeye alikuwa na wazo lake moja tu, tutoboe dirisha. Kila mwanamume nikimuhadithia anasema hivyo hivyo, toboa dirisha, sijui ni nini nyinyi na kuvunja. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, unene nusu mita, na ndio uliobeba boriti za dari na familia ya shemeji yangu iliyoko ghorofani na friji lao. Ukitoa mawe ovyo hapo unajua kinachokuja chini. Tena mji wa kale ni turathi ya dunia tangu 2001, UNESCO wameuandika, huwezi kuamka asubuhi ukatoboa ukuta wa nje bila ruhusa ya watu wa makumbusho, na mimi binafsi naona ni sawa, vyenginevyo saa hii mji ungekuwa ushajaa madirisha ya alumini. Na hilo dirisha lenyewe lingetazamana na mlango wa jirani. Mavyaa wangu aliposikia alisema neno moja tu, "Wallahi nyumba hii haitaanikwa," na dirisha likaishia hapo.

Basi tukaanza kufuata njia ya mwanga. Nlichukua kiti nikakaa ndani ya chumba, pale meza ilipo, nikatazama mlangoni kana kwamba mimi ndio ukuta, nikajiuliza naona nini. Fanya hivyo kwako kabla hujanunua hata brashi. Mimi nliona pazia zito la kahawia lililofungwa tangu enzi, nyuma ya pazia mgongo wa friji mbovu ambayo ati itatengenezwa, nyuma ya friji tangi jeusi la maji katikati ya kiwanda, na nyuma ya tangi ukuta wa kiwanda uliokuwa mweusi kwa ukungu. Juu yake mtu miaka ya nyuma alipigilia mabati nusu ya kiwanda ili nguo zisinyeshewe. Sasa huo mwanga ungeingia vipi, uombe ruhusa kwa nani?

Chumba cha ndani hakioni jua. Kinachoona ni ule ukuta wa kiwanda unaotazamana na mlango wake, jua linapiga pale na pale ndio panarusha mwanga ndani. Ukuta mweupe unarudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga, huu wetu wenye ukungu sidhani kama ulikuwa unarudisha chochote cha kuhesabika. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya chumba cha kulia tuliifanyia nje ya chumba cha kulia, na jirani mmoja alipotukuta tunasugua kiwanda akauliza si mlisema mnatengeneza ndani? Tukatoa mabati (nguo sasa zinaanikwa juu kwenye sakafu ya paa kama zamani, mwenye kulalamika apande ngazi), tangi tukalisogeza pembeni chini ya ngazi, friji tukaliuza kwa mtu wa vyuma chakavu na yule alitupa pesa kidogo iliyolipa punda wa kwanza wa mchanga. Pazia tukaweka la kitambaa chepesi cheupe cha pamba, mchana linafungwa pembeni kabisa. Ukuta tukausugua kwa brashi ya chuma, tukaupiga chokaa.

Jioni ya siku ile tu, kabla hatujagusa chochote ndani, mavyaa alipita na birika akasimama akauliza nani kawasha taa. Taa ilikuwa imezima. Hapo baba watoto akaacha kuniongelesha habari ya dirisha.

Haya, ndani sasa, na hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Kuta za ndani mtu aliyetutangulia alizipiga plasta ya saruji kutoka chini mpaka kiunoni, kwa vile chini palikuwa panabambuka, alafu juu ya saruji rangi ya mafuta ya kaki. Inang'aa, inafutika kwa kitambaa, watu wanaipenda. Kwenye nyumba ya matumbawe ni balaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini na chumvi yake inapanda nayo juu, miaka yote iko hivyo, na plasta ya chokaa nayo ina vitundu kwa hivyo yale maji yanatoka polepole yanakauka na upepo, yanaishia. Ukiziba kwa saruji na rangi ya mafuta maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na pale yanapotokea chumvi inaganda nyuma ya rangi, inafura, rangi inajikunja na kumwagika vipande. Ndio maana kwetu mstari wa kubambuka ulikuwa juu ya kiuno na si chini tena. Mtu alitibu kidonda kikahamia juu. Na kila ukuta ukibambuka mwenye nyumba anaongeza koti jengine la mafuta la rangi iliyokoza ili madoa yasionekane, chumba kinazidi kuwa cheusi mwaka baada ya mwaka, hapo ndio tukafika tulipofika.

Fundi mmoja mzee wa mtaani, mtu wa chokaa na neru, ile plasta laini ya chokaa, tangu ujana wake, alikuja kutusaidia kwa maneno tu, hakushika mwiko, alikaa kwenye kiti akanywa kahawa. Akagonga ukuta na pete yake, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, huu ukuta mumeuziba pumzi. Toeni saruji yote, kisha muuwate ukauke. Msiwe na haraka nao." Nikamuuliza ami, kwani hatuwezi kupaka chokaa juu ya hii rangi tu? Akacheka. Chokaa haishiki kwenye mafuta, itakaa mwezi ianguke kama maganda.

Kwa hivyo tindo na nyundo. Vijana walifurahi siku ya kwanza, kuvunja ni raha, siku zilizofuata hakuna aliyekuwa anacheka. Saruji ikitoka inatoka na vipande vya jiwe, unatakiwa upige kwa kulaza tindo pembeni, usiisimamishe wima ukachimba matumbawe. Vumbi lake ni baya, tulivaa barakoa zile zilizobaki za wakati wa corona na bado tulikuwa tunapiga chafya mpaka usiku. Sehemu ya juu ya rangi ya mafuta bila saruji tulikwangua kwa skrepa, pale ilipofura inatoka vipande vikubwa kwa raha zake, pale ilipoganda mtu anakwangua na kusema maneno ambayo mavyaa hakupaswa kuyasikia.

Chumvi sasa. Ukuta ukiwa wazi utaona unga mweupe unatokeza, wengine wanachukua ndoo ya maji kuuosha. Usiuoshe jamani. Maji yanairudisha chumvi ndani ya jiwe na itatoka tena kesho. Piga brashi kavu, zoa ule unga utupe, subiri siku kadhaa, utatoka tena, piga brashi tena, mpaka upungue. Sisi tulifanya kazi hii wakati wa kaskazi, upepo mkavu na mvua hakuna, na tuliuacha ukuta uchi kwa wiki kadhaa tukawa tunakula ukumbini kwenye mkeka. Ukianza kazi kama hii kwenye mvua za masika mwezi wa nne au wa tano utajuta, ukuta hautakauka na utaishia kupaka chokaa juu ya maji.

Kifusi ndio kilikula pesa zaidi ya nilivyodhani. Hapa mji wa kale hakuna lori la kuja mlangoni, kila kitu ni punda au mkokoteni, na kifusi ni kizito. Mpatane bei kabla, kwa mzigo, si kwa siku. Na mchanga pia, ulizia unatoka wapi. Mchanga wa baharini una chumvi, ukiutia kwenye plasta umejirudishia ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Na ule wa vilima vya Shela usiguse kabisa hata ukiuziwa bei ya kutupa, vile vilima ndivyo vinavyochuja mvua tunapata maji matamu ya visima, mji mzima unakunywa kutoka pale. Sisi tulingoja mchanga wa bara uliovuka kutoka Mokowe, ghali kidogo, poa tu.

Plasta tuliyorudisha ni chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu, mchanga umechekechwa, bila saruji hata kijiko. Kila mtu mtaani alitushauri tutie saruji kidogo ishike haraka. Nlikataa. Chokaa hushika polepole, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na ukiiharakisha kwa jua au kwa saruji inapasuka nyufa nyembamba. Tulirowesha ukuta kabla, tukatupia tabaka jembamba, likishika kidogo tabaka jengine, na tulikuwa tunarushia maji kwa mkono asubuhi na jioni lisikauke kwa ghafla. Haikuwa laini kama ya fundi, ina mawimbi kiasi, ukiweka taa pembeni unayaona. Mimi nayapenda hayo mawimbi, kuta za nyumba za mawe hazijawahi kunyooka.

Alafu kupaka chokaa yenyewe. Nlinunua chokaa ya mfuko hadware, ile iliyokwisha kuzimwa kwa maji, kwa sababu kuzima mwenyewe ile iliyotoka tanuuni inachemka na kurukia watu na nina watoto. Nikailoweka kwenye ndoo za plastiki maji yakiwa yamepita juu yake ili hewa isiifikie, ikilala siku nyingi ndio inazidi kulainika. Unapotaka kupaka unachota, unaongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unachuja kwa kitambaa cha shela kuukuu. Watu wanaipaka nzito wakidhani itakuwa nyeupe haraka, ikikauka inapasuka na kumwagika unga. Makoti manne matano mepesi, kila moja ukutani kumeroweshwa kwanza, kila moja limekauka mpaka kesho yake.

Na hapa uwe na moyo, manake koti la kwanza unapaka na huoni kitu. Wallahi huoni kitu. Linapita kama maji ya mchele, ukuta umebaki rangi ya udongo vilevile, baba watoto alisimama na brashi mkononi akaniangalia kana kwamba nimemuuzia maji. Nikamwambia ngoja. Baada ya saa moja pembe ya juu karibu na mlango ikaanza kupauka, kisha chini yake, weupe ukawa unatambaa ukutani wenyewe bila mtu kugusa, vijana wakaleta viti wakakaa kutazama kama wanaangalia mpira. Kesho yake ilikuwa nyeupe yenye madoa, koti la tatu ndio madoa yakaisha. Weupe wake haung'ai, ndio uzuri wake, rangi inayong'aa inarusha mwanga pahala pamoja unakuumiza macho na kwengine kote kunabaki giza, chokaa inautawanya chumba kizima.

Tahadhari moja na naomba muisome: chokaa inachoma. Vaa glavu na miwani. Ikiruka jichoni ni maji safi mengi, muda mrefu, kisha hospitali, usikae ukisema itapoa. Yule ami alituambia wazi, "Tundeni mato, mikono ni rahisi," yaani tunzeni macho. Sisi mikono tulipaka mafuta ya nazi kabla ya glavu na bado vidole vilikauka vikawa kama vya mvuvi.

Kuna wanaosema tia chumvi kwenye chokaa ishike vizuri. Huenda bara inafaa. Ukuta wenye chumvi yake tele unautilia nyengine ya nini?

Dari. Boriti zetu zilikuwa zimepakwa nyeusi ya mafuta, na hata yale mawe katikati ya boriti na boriti mtu aliyapitishia hiyohiyo nyeusi, nadhani alikuwa amechoka kuzungusha brashi. Kwanza tulizigonga moja moja kwa mpini wa nyundo, iliyo nzima inalia kavu, iliyoliwa na mchwa inalia bubu. Moja karibu na ukuta ililia vibaya, tukaitia nguzo ya muda na hiyo ni kazi ya fundi, inasubiri pesa. Boriti zenyewe tuliziacha na weusi wao, tukapaka chokaa katikati tu. Shingo iliuma sana na chokaa ilinidondokea mpaka kwenye mtandio, lakini ile dari ilipanda! Kimo ni kilekile, nimepima, ila jicho linapita boriti linakwenda kukutana na weupe juu. Kama uchague kazi moja tu ndani ya chumba, chagua hii.

Zidaka tunazo, vile vishimo vya kuwekea vitu vilivyojengwa ukutani, ukuta wa mwisho, vidogovidogo, baadhi vimemomonyoka kingo. Zamani viliwekwa visahani vya Uchina na msahafu, kwetu vilikuwa na chaja za simu, dawa za mbu na risiti za stima. Tukatoa takataka, tukatengeneza kingo kwa chokaa laini na kijiko cha chai. Watu kwenye picha wanapenda sana zile bakuli nlizopanga humo, ni bakuli za kawaida za kabati la mavyaa. Kioo ndio mpango wenyewe: nlipata kipande kikubwa kwa fundi wa vioo, kilichokatwa vibaya upande mmoja, kwa bei ya chini, tukakiegemeza ukuta unaotazamana na mlango wa kiwanda, kimeinama kidogo kuelekea juu. Kioo hakizai mwanga, kinauhamisha tu, kwa hivyo ukikiweka kitazame ukuta wenye giza utapata giza mara mbili. Tafuta pahala ambapo ukikaa kwenye kiti unaona mbingu ndani ya kioo, hapo ndipo. Na kimoja kikubwa kinashinda vidogo kumi, nyumba za watu wengine siku hizi unaingia unajiona pua pembe zote.

Taa za usiku sitazungumza sana. Ilikuwepo bulb moja katikati ya dari, ile nyeupe ya buluu iliyoandikwa 6500K, chakula chini yake kinaonekana kama cha hospitali, biriani inakuwa kijivu. Tulinunua za LED 3000K, zenye mwanga wa njano, wati 9 inatoa mwanga kama wa ile ya zamani ya wati 60, stima kidogo. Mbili tukazielekeza ukutani kwenye chokaa na moja imeshuka juu ya meza. Ukipiga taa ukuta mweupe chumba kizima kinaamka, ukipiga katikati unaona vichwa vya watu tu. Waya tulimwita fundi wa stima. Hapo mimi sichezi, ukuta una unyevu na umeme ni umeme, pesa yake mpe.

Meza ilikuwa na vanishi nyeusi inayonata ukiweka kiwiko siku za joto. Msasa, jasho, msasa tena, chini ya vanishi kumbe ni mbao safi ya mbambakofi yenye rangi ya asali, tukaipaka mafuta kidogo tukaiacha. Mavyaa hapendi meza hata hivyo. Anasema chakula cha watu ni sinia na mkeka, na ukweli jioni za futari sote tunashuka chini kwenye mkeka kwa hivyo meza tumeisogeza ukutani na nusu ya chumba tumetandika mkeka wa ukindu wa rangi ya asili. Sakafu ni ile ya saruji nyekundu, nzuri lakini inanyonya mwanga, mkeka umesaidia zaidi ya nilivyotarajia na haukuwa hata kwenye mpango.

Gharama zote, ukitoa ile boriti inayosubiri, hazikufika elfu ishirini, na nusu yake karibu ni punda, mchanga na fundi wa stima. Chokaa yenyewe ndio kitu cha rahisi kuliko vyote, hapa ndipo ninapocheka nikiona mtu anaagiza rangi ya ndoo ya bei kutoka Mombasa kuja kuibandika juu ya matumbawe.

Ubaya wake niuseme pia, msije mkaniambia sikusema. Chokaa inatoa unga kidogo, ukiegemea na buibui unaondoka na bega jeupe, sisi tumeweka mto mrefu ukutani pale watu wanapokaa. Mchuzi ukirukia hauufuti, unapitisha koti juu ya doa. Na kila mwaka utahitaji koti moja, kaskazi ikianza, asubuhi moja yatosha watu wawili kama samani zimeshatolewa. Chini kabisa karibu na sakafu bado unyevu unaonekana, utaonekana daima, nyumba iko karibu na bahari, muhimu ni kwamba sasa unatoka.

Mavyaa ameshaagiza chumba chake kiwe cha pili na hataki kusikia habari ya kusubiri mwaka ujao, anataka kabla ya masika. Ndoo za chokaa ziko chini ya ngazi kando ya tangi, zimelowekwa tangu juzi. Anayetaka kujua ukuta wake umepigwa saruji au chokaa, akwaruze kwa msumari pahala pasipoonekana: chokaa inachimbika na kutoa unga mweupe, saruji itamla msumari.